Ala Zinazojipiga Zenyewe Katika Hewa ya Chumvi: Niliyojifunza Mikindani

Mtu anayetaka kutunza ala ya muziki inayojipiga yenyewe, iwe kisanduku kidogo cha kutia ufunguo au santuri ya zamani yenye hendeli, akiwa anaishi Mikindani, pwani ya Mtwara, kama mimi, hana budi kufikiria hewa kabla ya kufikiria fedha. Ghuba iko hatua chache kutoka milango yetu, na chumvi inayoletwa na upepo hula bawaba za madirisha, misumari ya mabati na nyaya za baiskeli bila kumbagua tajiri na maskini. Ala hizi zimeundwa kwa chuma cha pua, shaba, risasi, mbao, gundi na mpira, yaani karibu kila kitu ambacho unyevu wa pwani hukishambulia. Ndiyo maana, baada ya miaka mingi ya kuzikusanya, kuzikarabati na mara nyingine kukataa kuzikarabati, nimefikia kuamini kwamba kipato cha mtu huamua atanunua nini, lakini hakiamui kama alichonunua kitaendelea kulia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari, na santuri niliyoishika kwanza ilikuwa ya mjomba wangu, aliyefanya kazi katika bandari ya Mtwara wakati bandari hiyo ilipokuwa bado mpya. Watu wa rika lake waliukumbuka vizuri mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ambao ulituachia bandari ya kina kirefu, reli ya kwenda Nachingwea iliyokuja kung'olewa baadaye, na vyombo vya nyumbani vilivyouzwa na wageni waliokuwa wakifungasha mizigo. Mjomba alisema santuri yake ilitoka katika mojawapo ya nyumba hizo. Kwa kuwa sisi Wamakonde tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, alipofariki ilikuja kwangu mimi mtoto wa dada yake badala ya kwenda kwa watoto wake, na binamu zangu hawakunung'unika hata kidogo, pengine kwa sababu ilikuwa hailii.

Kabla sijaifahamu santuri nilikuwa nimekwisha kuyafahamu malimba, kama mtoto yeyote wa Kusini aliyekaa na wazee. Vijiti vya chuma vimebanwa juu ya ubao, kirefu kinatoa sauti nene na kifupi sauti nyembamba, na kidole gumba ndicho kinachovikwanyua. Siku nilipofungua kisanduku cha muziki kwa mara ya kwanza na kukuta ndani yake kitana cha chuma chenye meno ya urefu tofauti, sikuhitaji maelezo ya mtu. Mwaka 1796 Antoine Favre, fundi saa wa Geneva, alionyesha kwamba meno ya chuma yaliyotuniwa, yaani kila moja likiwa limepewa sauti yake, yanaweza kuchukua nafasi ya kengele ndogo ndani ya saa, na kutokana na ubunifu huo viwanda vya milima ya Jura, hasa katika mji wa Sainte-Croix nchini Uswisi, vilijaza dunia visanduku vyenye silinda ya shaba iliyopandwa vipini vidogo ambavyo hukwanyua meno hayo kwa zamu. Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walipochapisha mpangilio wao wa ala za muziki za dunia nzima mwaka 1914, waliviweka visanduku hivyo na malimba ya Afrika katika kundi moja la ala zenye umbo la kitana. Wanafunzi wangu hufurahi sana kusikia jambo hilo, nami sioni sababu ya kuwazuia.

Wazo la silinda yenye vipini, kwa kweli, halikuanzia Uswisi. Katika karne ya 9 ndugu watatu wa Baghdad wanaojulikana kama Banu Musa walieleza kwa maandishi filimbi iliyopigwa kwa nguvu ya maji, ikiongozwa na silinda yenye meno ambayo yangeweza kuhamishwa ili kubadilisha wimbo. Wanaodhani kwamba mashine ya kupangiwa kazi ni uvumbuzi wa jana wanapaswa kuanza na hao.

Sasa nije kwenye mifuko yetu. Huku kwetu fedha hufuata msimu wa korosho. Minada inapoanza mwezi Oktoba mtu anaweza kununua pikipiki, na ikifika Machi mtu huyo huyo anakopa unga dukani. Mwenye kupenda ala hizi katika uchumi wa namna hii asianze na kitu kikubwa. Aanze na mashine ndogo yenye meno 18, ambayo hutengenezwa kwa wingi Japani na China na huuzwa kwa bei ambayo hata mwalimu wa shule anaimudu katikati ya mwezi. Inapiga kipande kifupi cha wimbo, kisha inarudia. Wakusanyaji wengi huidharau, nami naona hawaitendei haki, kwa sababu ndani yake yamo yote yaliyomo katika kisanduku cha maelfu ya dola: kamani (utepe wa chuma uliokunjwa unaosukuma mashine), gia, silinda, kitana na kipepeo kidogo kinachokata hewa ili mwendo usizidi kipimo. Mtu anayejifunza kusikiliza, kupaka mafuta na kuhifadhi kwa kutumia mashine hiyo hatapoteza kitu kikubwa hata akiiharibu.

Bora zaidi kwa bei isiyotofautiana sana ni ile ya kuzungushwa kwa mkono inayosoma utepe wa karatasi iliyotobolewa. Mashine ya namna hii yenye noti 15 huja na kitoboleo chake na karatasi zenye mistari, na mwenye nayo huandika wimbo wake mwenyewe. Tulijaribu shuleni kuweka wimbo mmoja wa kutwangia ambao mama zetu huimba wakipokezana mchi, na hapo ndipo tulipokutana na fizikia ya kweli. Kila noti hukwanyuliwa na gurudumu dogo lenye ncha kama nyota, na gurudumu hilo linahitaji nafasi ya kujirudi kabla ya kukwanyua tena, kwa hiyo matundu mawili ya noti moja yakikaribiana mno, la pili huwa bubu. Nyimbo za Ulaya zilizochaguliwa na watengenezaji hazisumbuki sana na jambo hilo, lakini wimbo wetu una sauti moja inayogongwa mara kadhaa mfululizo kufuata mchi, nao ulitoka ukiwa na mapengo. Wanafunzi walitanua nafasi kati ya matundu na kuzungusha mkono kwa haraka zaidi ili mwendo urudi mahali pake. Karatasi ilirefuka hadi ikafika nje ya mlango wa darasa, lakini wimbo ulitimia, na mpishi wa shule aliyekuwa akipita alisimama akaumalizia kwa mdomo.

Mashine tupu mkononi hutoa sauti hafifu sana. Ikigandamizwa juu ya meza ya mbao, chumba kizima husikia, kwa kuwa ubao ndio unaotikisa hewa. Nilimwomba mchonga vinyago mmoja wa Mtwara atengeneze sanduku la mpingo, mti ambao mkoa wa Lindi unasifika nao na ambao viwanda vya Ulaya huutumia kutengenezea klarineti, nikapata sanduku zuri la kutazama lenye sauti ya kuzibwa. Mpingo ni mzito na mgumu mno kwa kazi hii. Filimbi hupata sauti yake kutoka kwenye hewa iliyomo ndani, kwa hiyo mbao ngumu huifaa, lakini kisanduku cha muziki kinataka ubao mwembamba na mwepesi unaokubali kutetemeka. Mchongaji hakubishana nami. Alikata sakafu mpya ya msonobari mwembamba uliotoka kwenye kreti ya mizigo, akaacha kuta za mpingo zibaki kwa ajili ya macho, na tofauti aliisikia mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Kuhusu unyevu nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo shilingi elfu chache zinapofanya kazi kubwa kuliko laki. Watunzaji wa makumbusho hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hivi, na sisi wa pwani tunaishi juu ya kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka, hasa masika. Watu wengi hufunga kitu chao cha thamani ndani ya mfuko wa nailoni, wakidhani wamekikinga, kumbe wamefungia unyevu ndani pamoja nacho. Ninachofanya ni kuweka kila ala ndogo katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na punje za silika, zile zinazopatikana ndani ya maboksi ya viatu na chupa za dawa. Majirani wamezoea kuniletea. Punje hizo zikishiba unyevu nazipasha taratibu kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo wa mkaa, nje ya vipakiti vyake, kisha nazirudisha zikiwa zimepoa. Kipima unyevu kidogo cha betri hugharimu pungufu ya kanga, nacho hunionya nisizidishe, kwa kuwa mbao zikikaushwa mno hupasuka na gundi ya zamani huachia. Santuri, kwa kuwa haiingii ndooni, hukaa katika chumba cha ndani kisicho na dirisha la upande wa bahari, juu ya meza ambayo miguu yake haigusi ukuta. Mchwa wa Mikindani hupanda kwa kufuata kuta, na wakishaingia katika sanduku la mbao hawatoki mpaka wamelimaliza.

Santuri ya mjomba ni ya kubebeka kama sanduku la safari, ya HMV, kampuni ya Uingereza yenye alama ya mbwa, aina ambayo ilienea sana katika makoloni ya Uingereza. Wapo wanaodai kwamba santuri si ala, kwa kuwa inarudia tu kile kilichopigwa na mtu mwingine, na hoja yao ina uzito, lakini kwa upande wa utunzaji ni ndugu moja na kisanduku cha muziki: kamani inasukuma, gia zinapokea, kidhibiti mwendo kinazuia. Haihitaji umeme, jambo ambalo huthaminiwa sana siku umeme unapokatika katika mkoa ambao gesi ya Mnazi Bay inatoka.

Niliipeleka kwa mzee mmoja fundi saa wa sokoni Mtwara. Nilimwamkia, nikamwambia, "Mzee wangu, nimekuletea mgonjwa." Aliitazama bila kuigusa, akaniuliza, "Mwalimu, kamani imejaa au imelegea?" Nilipomjibu kwamba sijui, aliniambia niketi. Somo lake la kwanza likawa hilo: asifungue mtu skrubu yoyote kabla ya kuhakikisha kwamba kamani haina nguvu iliyobaki ndani yake, kwa sababu utepe ule wa chuma ukiruka unakata vidole. Kilichokuwa kimeiua santuri hakikuwa kikubwa. Grisi iliyowekwa miongo mingi iliyopita ilikuwa imekauka ikawa kama lami, na mtu fulani aliwahi kumimina mafuta ya kupikia juu yake. Fundi aliosha sehemu zote kwa mafuta ya taa, akapaka grisi mpya kwenye kamani na matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Mpira unaoshika kiwambo, yaani kile kisahani chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti, ndani ya kichwa cha sauti ulikuwa mgumu kama mfupa, naye akaubadilisha kwa mpira mpya mwembamba. Katika santuri za zamani zaidi kiwambo hicho ni cha ulanga, na katika za baadaye ni cha aluminiamu, lakini vyote viwili hukoroma mpira unapokufa. Gharama yote haikufika bei ya redio ndogo.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kuhifadhi sahani, yaani zile diski zenye nyimbo. Sahani zinazozunguka mara 78 kwa dakika hazikutengenezwa kwa plastiki ya siku hizi, bali kwa lakiri inayotokana na wadudu wa Asia, ikichanganywa na unga wa mawe. Mchanganyiko huo unaeleza mambo mengi. Unga wa mawe husaga ncha ya sindano, na ndiyo sababu sindano ya chuma hutumiwa kwa upande mmoja tu wa sahani na kutupwa. Anayeirudia kwa ubahili anachonga upya mifereji ya wimbo kwa ncha iliyokwisha kuwa patasi. Lakiri huyeyuka kwa spiriti, kwa hiyo mtu anayeisafisha sahani kwa spiriti ya hospitali anaifuta kabisa pamoja na wimbo. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni isiyo kali yanatosha, bila kulowesha karatasi ya katikati, na sahani ikaushwe kivulini ikiwa imesimama. Jua letu la Desemba kupitia dirishani huipinda kama chapati katika muda wa kunywa chai.

Sindano za chuma bado zinatengenezwa, na paketi ya sindano 100 si ghali, ila kuzipata Mtwara ni kuagiza na kusubiri. Wakati wa kusubiri nimetumia mianzi. Zamani sindano za mianzi na za miiba ziliuzwa kabisa madukani kwa wale waliotaka kuhurumia sahani zao, na mimi huchonga zangu kwa wembe kutoka kwenye mianzi iliyokauka vizuri. Sauti hupungua, ukali unatoweka, na ncha inahitaji kuchongwa upya kila upande. Kwa sahani ambayo haipatikani tena, nachagua mianzi hata kama sindano za chuma zimejaa mezani. Mama yangu, ambaye ana sahani moja ya taarabu ya zamani, haniruhusu kuweka chuma juu yake. Yeye ni wa kizazi kilicholelewa na watu waliomsikia Siti binti Saad kupitia santuri, baada ya mwimbaji huyo wa Unguja kusafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya HMV, na heshima ile bado iko ndani ya nyumba. Sahani yake nimeirekodi kwa simu, simu ikiwa imewekwa mbali kidogo na mdomo wa santuri ili sauti isipasuke, na sasa tunasikiliza nakala hiyo kila siku na sahani yenyewe siku za Idi tu.

Fedha za korosho zikiingia, madalali nao hufika. Wapo wanaouza santuri zenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa na picha ya mbwa iliyobandikwa ubavuni. Nyingi kati ya hizo huunganishwa India katika miaka ya karibuni, kwa sanduku jipya, pembe mpya nyembamba na injini iliyong'olewa katika santuri ya kubebeka kama ile ya mjomba, kwa hiyo kila moja inayonunuliwa imeua mashine halisi. Mwenye fedha za kutosha kununua hiyo ana fedha za kutosha kununua santuri mbili halisi zisizo na pembe. Wengine huja wakitafuta kinyume chake: vijana walioamini uvumi kwamba mashine za zamani zina mekyuri ya thamani kubwa, na ambao wako tayari kupasua chochote chenye kutu. Nimewafungulia santuri yangu waone kwamba hamna kitu, wakaondoka wakinihurumia.

Kuhusu ala za watu wenye uwezo sitasema mengi, kwa kuwa huku hatuna orkestra za mashine na piano za kujipiga kama zile zinazotunzwa katika Museum Speelklok mjini Utrecht, Uholanzi. Lakini familia moja ya wafanyabiashara mjini Lindi iliniita nikague kisanduku cha silinda cha karne ya 19 walichorithi, kizito, chenye kitana kirefu na mbao za mapambo. Mwenye nyumba alikuwa tayari kulipa chochote kisikike siku ya harusi ya binti yake. Nilipokiangalia kwa tochi, niliona ungaunga mweupe chini ya meno mazito. Meno ya sauti nene huongezewa uzito kwa vipande vya risasi, na risasi hiyo, katika hewa yenye unyevu na mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, huoza, ikavimba na kugusana. Nyaya nyembamba za kutuliza meno kabla hayajakwanyuliwa tena nazo zilikuwa zimekatika, na kisanduku kisicho na nyaya hizo hulia kwa mlio wa kukwaruza. La hatari zaidi, kipepeo cha kudhibiti mwendo kilikuwa kimelegea huku kamani imejaa. Kipepeo kikichomoka katika hali hiyo, silinda huzunguka kwa kasi isiyozuilika, na kwa sekunde chache hung'oa meno na kulaza vipini ambavyo mafundi wa Uswisi walivipanda kimoja kimoja.

Nilimwambia, "Shikamoo yangu haijapoa, mzee, lakini jibu langu ni hapana." Hakufurahi. Mafundi wanaoweza kubadilisha risasi na kutuni kitana upya wapo Ulaya na Marekani, na gharama yao pamoja na usafiri ingezidi thamani ambayo familia ilikuwa tayari kuibeba. Kwa hiyo tulifanya lisilo na gharama: fundi saa alisafiri kutoka Mtwara, akaifunga silinda isizunguke, akailegeza kamani kidogo kidogo kwa mkono, na kisanduku kikawekwa katika kabati la ndani pamoja na silika na kipima unyevu. Hakijalia tangu siku hiyo. Kwa maoni yangu kimehifadhiwa vizuri kuliko visanduku vingi vinavyolia kwenye maduka ya watalii, na mwenye nyumba, ambaye alikasirika siku ile, sasa hunipigia simu kunisomea namba za kipima unyevu.

Santuri ya mjomba, kwa desturi yetu, itakwenda kwa watoto wa dada yangu, nao wanaishi Dodoma, ambako hewa ni kavu na matatizo yatakuwa mengine: mbao zitapasuka badala ya kuvimba. Nimebandika karatasi ndani ya kifuniko, nimeandika kwa kalamu ya risasi ili wino usisambae: mafuta gani na mahali gani, mara ya mwisho kupakwa grisi, kamani ilegezwe baada ya kupiga, sindano isirudiwe, sahani za plastiki zisiwekwe juu yake kwa sababu kichwa chake kizito kitazichimba. Fundi saa alipoisoma aliniomba kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake mstari mmoja chini kabisa, kwamba ikiharibika isipelekwe kwa fundi redio.